Pima mtu, si banda: mwongozo wa kupima na kudhibiti vumbi kazini, kutoka Mafinga hadi Chunya

Siku ya kwanza nilipokabidhiwa pampu ya kupimia vumbi, niliitundika kwenye msumari, ukutani mwa karakana moja ya mbao pale Mafinga. Mafundi walikuwa wanainama na kuinuka, nami nikaona aibu kuwafunga mipira viunoni. Jioni chujio lilitoka karibu jeupe kama lilivyoingia. Mlangoni, fundi wa mashine ya msasa alikuwa anapenga kamasi ya kahawia. Siku nzima nilikuwa nimepima ukuta.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya msimamizi wa karakana, mwakilishi wa usalama na afya, au mwenye mashine anayetaka kujua watu wake wanavuta nini na afanye nini. Mfano mkuu utakuwa mbao, kwa sababu ndizo zinazolisha nyumba nyingi kuzunguka shamba la miti la Sao Hill. Baadaye nitapita kwenye karasha za dhahabu (mashine za kuvunja na kusaga mawe), mashine za nafaka na uchomeleaji. Njia ni ile ile. Kinachobadilika ni aina ya chujio, kikomo (kiasi cha juu cha vumbi kinachokubalika hewani) na ugonjwa wenyewe.

## Vumbi lina ukubwa, na ukubwa ndio unaoamua ugonjwa

Chembe za hadi maikroni 100 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) zinaweza kuingia puani na mdomoni. Nyingi hunasa hapo hapo au kooni. Zilizo chini ya maikroni 10 hushuka kwenye njia za hewa. Zinazofika vifukoni kabisa mwa mapafu ni zile za maikroni 4 hivi kushuka chini, na hizo jicho halizioni moja moja. Ukiona vumbi linacheza kwenye mwali wa jua dirishani, jua kwamba umeona sehemu tu ya kundi.

Kwa mbao tunapima vumbi lote linaloweza kuvutwa, yale makubwa yakiwemo, kwa sababu madhara yake hujitokeza pia puani: pumu, mafua yasiyoisha, na saratani ya pua na ya mashimo yaliyo jirani nayo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995. Kwa mawe yenye silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe mengi, tunapima lile dogo linalofika chini, kwa sababu silika huacha makovu kwenye mapafu, na mapafu yenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Silika iliingia kundi hilo hilo mwaka 1997.

Ukikosea hapa, ukachukua kichwa cha kukamatia vumbi la mbao kwenda kupima mawe, hakuna hesabu itakayokuokoa.

## Siku moja ya kutembea bila kifaa chochote

Usianze na pampu. Anza na daftari, na ulifuate gogo kutoka getini hadi lori la mbao linapofunikwa turubai.

Kwenye dingdong, mashine ya kupasulia magogo, nje, mti ukiwa mbichi, msumeno hutema machujo mazito yenye maji. Yanachafua nguo, lakini mengi huanguka chini. Ingia ndani sasa: randa, msumeno wa duara unaokata mbao kavu, mashine ya nakshi, na msasa. Kadiri mbao inavyokauka na jino linavyokuwa dogo, vumbi linazidi kuwa jembamba. Mashine inayopiga kelele kuliko zote mara nyingi siyo yenye vumbi baya kuliko yote.

Andika kila mtu anafanya nini na kwa dakika ngapi. Kisha uliza swali moja, taratibu, mbali na bosi: "Ni kazi gani ukiifanya unarudi nyumbani unakohoa?" Mafundi wanajua. Majibu ninayoyapata mara kwa mara ni kufagia, kusafisha chini ya mashine, na kujipuliza kwa hewa ya kompresa kabla ya kwenda kula. Dakika tano za kompresa zinaweza kumpa mtu vumbi kuliko saa nzima ya randa.

Usimsahau asiye kwenye daftari la mishahara. Kila karakana ina mama anayekuja kujaza maranda kwenye viroba kwa ajili ya mabanda ya kuku. Anakaa juu ya lundo, anachota kwa mikono, anagongagonga kiroba kijae. Mwenye karakana atakuambia huyo si mfanyakazi wake. Mapafu yake hayajui mkataba.

Kabla hujaondoka, fanya jaribio la tochi. Gharama yake ni betri tu. Subiri giza liingie au funga milango kwa dakika chache, kisha mulika kwa tochi kali yenye mwali mwembamba ukivuka juu ya mashine inayofanya kazi. Wewe simama upande wa pili, mwali ukija kuelekea kwako, huku tochi yenyewe imekingwa na nguzo au ubao isikuchome macho. Vumbi lisiloonekana mchana litatokea kama moshi. Rekodi kwa simu. Nimewahi kubishana na mwenye karakana saa nzima kuhusu feni yake ya kufyonza, na video ya sekunde ishirini ikamaliza ubishi: vumbi lilikuwa linapita kando ya mdomo wa bomba kama abiria anayekosa basi.

## Nani avae pampu, na siku gani

Huwezi kumpima kila mtu. Wapange kwa makundi ya wanaofanya kazi inayofanana, mahali pamoja, kwa mashine za aina moja. Wa randa kundi lao, wa msasa lao, wafagiaji lao. Fundi anayezunguka kila mahali apewe kundi lake mwenyewe.

Kiwango cha Ulaya cha EN 689 cha mwaka 2018 kina kanuni rahisi ya kuanzia ambayo naipenda. Ukiwa na vipimo vitatu vya kundi moja na vyote viko chini ya sehemu ya kumi ya kikomo, kundi hilo lina nafasi nzuri. Ukiwa na vinne, vyote viwe chini ya asilimia 15. Ukiwa na vitano, vyote viwe chini ya moja ya tano. Kipimo kimoja tu kikivuka kikomo, umeshindwa, acha kupima na ukarekebishe. Ukiwa katikati ya hapo, unaongeza vipimo hadi sita au zaidi na kuingia kwenye takwimu. Ndiyo maana ripoti yenye kipimo kimoja, hata kikiwa kizuri vipi, haijasema kitu.

Chagua siku mbaya. Huku nyanda za juu siku mbaya ni Juni hadi Agosti. Baridi ya Mafinga na Njombe inafunga madirisha na milango, mbao zimekauka, oda ni nyingi. Ukipima Machi, mvua inanyesha na milango iko wazi, utapata namba ya kufurahisha.

## Vifaa

Unahitaji pampu ndogo inayofungwa kiunoni, mpira, kichwa cha kukamatia vumbi, machujio yaliyopimwa uzito kabla, na kifaa cha kuhakiki kasi ya hewa. Uzito wenyewe unapimwa maabara, kwenye mizani inayosoma sehemu ndogo sana za miligramu. Karakana ndogo haina sababu ya kununua hivi vyote. Kodi, au mlete mtaalamu, lakini ujue anachofanya ili usilipie upepo.

Kwa vumbi la mbao, kichwa kinachotumika sana ni cha aina ya IOM, kinachofanya kazi kwa lita 2.0 kwa dakika. Kwa vumbi dogo la mawe unatumia saikloni, kidude kinachozungusha hewa ili chembe kubwa zianguke chini na ndogo tu zifike kwenye chujio. Kila saikloni ina kasi yake: Higgins-Dewell lita 2.2 kwa dakika, ile ya alumini ya SKC 2.5, ya nailoni ya Dorr-Oliver 1.7. Kasi hiyo siyo pendekezo. Ukivuta haraka zaidi, saikloni inatupa chini hata chembe zilizopaswa kuhesabiwa, na jibu linakuwa dogo kuliko ukweli.

Hapa ndipo nyanda za juu zinapowatega wataalamu wanaotoka pwani. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo la hewa huku ni kama asilimia 82 ya lile la Dar es Salaam. Kile kipimo cha bomba la kioo chenye kijiwe kinachoelea, kikiwa kimesahihishwa usawa wa bahari, huku kinasema uongo. Kikionyesha lita 2.0, hewa inayopita kweli ni kama lita 2.2, tofauti ya zaidi ya asilimia 10. Hakiki kasi hapo hapo unapopimia, kwa kifaa kisichotegemea uzito wa hewa.

Cha bei nafuu kabisa ni povu la sabuni. Bureti ya lita moja, sabuni ya maji kidogo, mpira wa pampu juu. Unaliacha povu moja lipande na unahesabu sekunde. Kwa lita 2.0 kwa dakika, povu linapaswa kuimaliza lita moja kwa sekunde 30. Rudia mara tatu, kichwa na chujio la akiba vikiwa vimeunganishwa kama vitakavyokuwa kazini. Fanya hivyo asubuhi na urudie jioni. Kasi ya jioni ikipishana na ya asubuhi kwa zaidi ya asilimia 5, tupa sampuli hiyo, hata kama imekugharimu siku.

Neno moja kuhusu vile vipima vumbi vya kisasa vya bei ndogo vinavyoonyesha namba papo hapo kwa mwanga. Vinafaa kukuonyesha saa ngapi vumbi linapanda na nani kapuliza kompresa. Havifai kukuambia kama umevuka kikomo, kwa sababu chembe kubwa za mbao vinazipuuza, na hizo ndizo zenye uzito.

## Siku ya kupima

Fika kabla ya kazi kuanza. Ikiwa zamu inaanza saa 1:30 asubuhi, wewe uwe umefika saa 12:30, povu lako limeshapanda na kushuka. Salimia watu vizuri, ukianzia kwa wazee: "Kamwene" inafungua milango ambayo barua ya ofisi haifungui. Eleza kifaa kinafanya nini. Wengine wataamini kinarekodi sauti. Mwoneshe fundi ndani yake, mwache aishike.

Kichwa kinabanwa kwenye ukosi, ndani ya sentimita 30 kutoka puani, mdomo wake ukitazama mbele. Hapo ndipo mahali pa kupumulia, na hakuna ukuta wala meza inayoweza kupawakilisha. Mpira upite mgongoni, chini ya overoli, ubanwe kwa gundi ya karatasi kila sehemu. Hili ni suala la uhai: mpira unaoning'inia mbele ya msumeno wa duara ni hatari kuliko vumbi lenyewe. Kama huwezi kuufunga salama, usimvalishe.

Andika saa uliyowasha. Pita kila saa moja au mbili, angalia pampu inavuma, mpira haujakunjwa, kichwa hakijageukia kifuani. Andika kila kitu mtu anachofanya: saa ngapi amehamia kwenye mlingoti (mkaratusi) kutoka paini, saa ngapi feni imezimika umeme ulipokatika. Nambari isiyo na maelezo haya haitakusaidia kurekebisha chochote.

Mafundi ni binadamu. Kuna atakayeingiza kidole kwenye kichwa ili apate namba kubwa na bosi aadhibiwe. Kuna bosi atakayeamuru siku hiyo kila mtu afanye kazi polepole. Dawa ya yote mawili ni kukaa hapo, na kulinganisha idadi ya mbao zilizotoka siku hiyo na za siku nyingine.

Bakiza machujio mawili au matatu yanayofunguliwa na kufungwa hapo hapo bila kuunganishwa na pampu. Hayo ni ya kulinganishia. Yakirudi maabara yameongezeka uzito, utajua safari au unyevu umeongeza kitu, na utakitoa.

Kuhusu safari: machujio yasafiri yakiwa yamelala, upande wenye vumbi ukitazama juu, kwenye sanduku lenye sponji, mapajani mwako. Mimi nilishawahi kuyaweka kwenye buti la basi la kwenda Dar. Kona za Kitonga zilifanya kazi yake, na maabara ikanirudishia machujio safi na vumbi langu likiwa limetawanyika ndani ya boksi.

## Hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa msasa amevaa pampu ya lita 2.0 kwa dakika kwa dakika 420. Hewa iliyopita ni lita 840, yaani mita za ujazo 0.84. Chujio limeongezeka miligramu 3.86, na yale ya kulinganishia yameongezeka wastani wa miligramu 0.02. Vumbi halisi ni 3.84. Gawanya kwa 0.84, unapata miligramu 4.57 kwa kila mita ya ujazo.

Lakini zamu yake ni saa 10. Saa tatu zilizobaki alikuwa nje anapanga mbao, na kipimo cha kazi hiyo kimetoa 0.4. Vikomo vingi vimewekwa kwa wastani wa saa nane, kwa hiyo: (4.57 × 7 + 0.4 × 3) ÷ 8 = 4.15. Umeona nimegawanya kwa nane na siyo kumi. Anayefanya kazi saa kumi anavuta vumbi la saa kumi, na mapumziko yake ya kulisafisha ni mafupi. Kugawanya kwa kumi ni kumfichia deni lake.

Na kama mtu angekuwa ameamini kile kipimo cha kioo cha pwani, kasi halisi ingekuwa 2.2, na 4.57 ingepaswa kuwa kama 4.16. Kosa hilo tu linatosha kumhukumu au kumwachilia mtu.

Je, 4.15 ni nyingi? Inategemea mti. Uingereza ina kikomo cha miligramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mbao laini kama paini na 3 kwa mbao ngumu, na mlingoti umo kwenye kundi la mbao ngumu. Umoja wa Ulaya umeweka 2 kwa mbao ngumu, na vumbi likichanganyika, kikomo cha mbao ngumu ndicho kinachotawala. Jumuiya ya wataalamu wa Marekani ya ACGIH inapendekeza 1 kwa mbao karibu zote. Kwa hiyo fundi huyu amepita akiwa paini mtupu kwa kipimo cha Uingereza, na amevuka kila mstari mwingine. Ripoti ikiwa ya kisheria, mwulize kwanza mkaguzi wa OSHA, wakala wetu wa Tanzania unaosimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, atatumia kikomo gani. Ikiwa ni kwa ajili ya kuwalinda watu wako, chukua mstari wa chini.

Onyo kwa wenye nguzo: mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki hazipimwi kama vumbi la kawaida. Vumbi lake ni sumu ya aina nyingine, na lisichanganywe kabisa na maranda ya kuku.

## Kudhibiti, kuanzia kwenye jino la msumeno

Watu wengi wakipata namba mbaya wanakimbilia duka la barakoa. Rudi kwenye mashine.

Jino butu linasaga badala ya kukata, kwa hiyo kunoa ni udhibiti wa vumbi. Kukata mbao ikiwa bado na unyevu, pale inapowezekana, ni udhibiti. Kuhamisha msasa kwenye chumba chake ili watu wawili wavute vumbi badala ya kumi na wawili, ni udhibiti. Marufuku ya kompresa kwenye nguo haigharimu senti, na ndiyo ngumu kuliko zote kuisimamia. Weka brashi na bomba la kufyonza kwenye mlango wa kutokea, vinginevyo watairudia. Mfagio mkavu nao uondoke. Wazee wa karakana wana njia yao: wanamwaga machujo yenye unyevu sakafuni kwanza, ndipo wanafagia. Inafanya kazi.

Kisha feni ya kufyonza. Nimeona fedha nyingi zikipotea hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hewa inayofyonzwa haina nguvu ya mbali. Ukiwa umbali wa kipenyo kimoja tu cha bomba kutoka mdomoni mwake, kasi imeshashuka hadi karibu asilimia 10. Jaribu kuzima mshumaa kwa kuvuta pumzi badala ya kupuliza, utaelewa. Mdomo wa bomba la sentimita 15 uliowekwa nusu mita kutoka kwenye msasa ni mapambo. Usogeze hadi uguse mashine, au uizungushie mashine boksi lenye uwazi wa mbao kupita tu. Kwenye msumeno wa duara weka midomo miwili, mmoja chini ya meza na mmoja kwenye kinga ya juu, kwa sababu meno hurusha sehemu ya vumbi kumwelekea fundi.

Ndani ya bomba, vumbi la mbao linahitaji kama mita 20 kwa sekunde lisije likalala njiani na kuziba. Bomba la sentimita 10 kwa kasi hiyo linabeba takriban mita za ujazo 565 kwa saa. La sentimita 15 linabeba karibu 1,270. Hesabu mashine zote zitakazofanya kazi kwa pamoja, ndipo uagize feni, na umwambie muuzaji kwamba unakaa mita 1,700 au zaidi, maana kwenye hewa nyepesi feni ile ile inatoa mkandamizo mdogo. Bomba liwe la bati laini, kona ziwe pana. Mpira wenye makunyanzi uwe mfupi kabisa, mwishoni tu.

Mfuko wa kitambaa wa kukusanya vumbi usikae ndani. Unakamata maranda na kurudisha unga mwembamba humo humo. Weka saikloni kubwa ya kutenganisha maranda na hewa, pamoja na mfuko, nje, chini ya paa dogo. Unganisha bomba lote na waya wa ardhini, kwa sababu vumbi kavu linalokimbia hutengeneza umeme tuli, na vumbi la mbao likitifuka kwa wingi ndani ya banda linaweza kulipuka. Panda uangalie juu ya kenchi na taa: tabaka lenye unene kama waya wa klipu ya karatasi, chini kidogo ya milimita moja, likiwa limeenea, linatosha kukutia wasiwasi.

Jaribu kila kitu kwa moshi wa udi. Shika kipande kinachofuka pale vumbi linapozaliwa. Moshi ukiingia bombani moja kwa moja, vizuri. Ukisita na kupanda usoni mwa fundi, bado. Na lile feni la kupozea watu mlizime wakati wa jaribio, kisha mliwashe: mara nyingi ndilo mwizi linalolitoa vumbi kwenye mkono wa bomba.

## Karasha, nafaka, uchomeleaji

Chunya na kwingineko wanakosaga mawe ya dhahabu makavu, jambo la kwanza ni maji. Mnyunyizo kwenye mdomo wa karasha na kwenye mtupo wake hupunguza vumbi kuliko kitu chochote utakachonunua dukani. Kikomo cha silika ni kidogo mno: miligramu 0.1 Uingereza, 0.05 kwa OSHA ya Marekani, 0.025 kwa ACGIH. Kwa viwango hivyo chujio litaonekana safi kwa macho na bado mtu amevuka. Vuta hewa ya kutosha, kuanzia lita 400 na kuendelea, la sivyo maabara haitaona kitu, na "haikuonekana" itaandikwa kana kwamba ni habari njema.

Kwenye mashine za mpunga za Mbarali na za sembe mitaani, ziba kwanza mivujo: mfuko wa kitambaa uliochakaa, mdomo wa kiroba usiofungwa vizuri. Injini ya dizeli itoke nje ya chumba cha kusagia, pamoja na moshi wake, ambao IARC iliuweka kundi la kwanza mwaka 2012. Gesi yenye sumu ya moshi huo, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na chujio halikamati gesi; inahitaji kipimo chake. Hata mlinzi wa Makete anayejifungia na jiko la mkaa usiku wa Julai anahusika na sentensi hii.

Wachomeleaji wa mageti: ukichoma bati lenye zinki bila kulikwangua, jioni unapata homa, kutetemeka na mwili kuuma, na kesho kutwa umepona. Wengi wamemeza dawa ya malaria kwa homa hiyo. Pima malaria, lakini mwambie daktari ulichoma nini. Mafusho ya kuchomelea yaliingia kundi la kwanza la IARC mwaka 2017. Choma nje ukiwa umempa upepo ubavu, usiinamishe kichwa juu ya moshi.

## Barakoa, na maziwa

Barakoa inakuja wakati feni inafungwa, wakati wa usafi, au pale ambapo mashine imefika mwisho wa kurekebishika. Ile ya hospitalini ya rangi ya bluu haihesabiki, wala kipande cha kitenge. Tafuta FFP2 au N95, ambayo ikikaa vizuri inategemewa kupunguza vumbi mara 10, au FFP3, mara 20. Ikikaa vizuri maana yake ndevu zimenyolewa, waya wa puani umebanwa, mikanda yote miwili iko kichwani na si mmoja unaning'inia shingoni. Funika kwa viganja, vuta pumzi kwa nguvu. Ikivuja pembeni, irekebishe au ubadilishe aina. Nyuso hazifanani, basi nunua aina mbili tatu za kujaribu kabla ya kuagiza katoni.

Maziwa sasa. Karakana nyingi zinagawa pakiti ya maziwa "ya kusafisha kifua", na wafanyakazi wanaidai kama haki. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi limekwenda mapafuni. Wapeni kama chakula, msiyahesabu kama kinga, na fedha yake isizuie ununuzi wa bomba.

## Watu wenyewe, na kipimo cha pili

Mpe kila aliyevaa pampu namba yake, kwa mdomo na kwa maandishi, na maana yake. Mpeleke apimwe afya ya kazini anapoanza, akiwa kazini, na anapoondoka, pamoja na kipimo cha kupuliza cha nguvu ya mapafu. Swali la pumu ya kazini ni rahisi: kifua kinabana siku za kazi na kinafunguka Jumapili au likizo? Jibu likiwa ndiyo, usisubiri. Ugonjwa unaotokana na kazi una fidia chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya 2008, na anayedai atahitaji kuonyesha alivuta nini. Saratani ya pua inaweza kuchukua miongo kujitokeza. Uingereza inataka kumbukumbu za afya za namna hii zitunzwe miaka 40, kwa hiyo daftari lako lisikae kwenye banda lenye mchwa.

Ukishafunga feni, rudi na pampu ile ile, kwa kundi lile lile, Julai nyingine, milango ikiwa imefungwa kwa baridi. Umpime na yule mama wa maranda.